Maji ya Paros hayapwi: misimu minne kwenye boti za matanga Ugiriki

Niseme kabisa mwanzoni, mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia ufukweni, ami yangu ana dau lake mpaka leo, kwa hiyo nilivyopata kibarua cha ubaharia kwenye boti ya matanga ya kukodisha huko Ugiriki nilienda kifua mbele yaani, moyoni nasema hawa watanifundisha nini mimi kuhusu bahari. Msimu wa kwanza haujafika hata nusu nishajua kwamba bahari niliyoijua ni ya kwetu tu.

Kazi yenyewe iko hivi. Wageni wanakodi boti, ya futi arobaini na kitu, wiki moja au mbili, wanapewa kapteni, na wakiwa nazo kidogo wanaongezewa mtu wa kushika kamba na kupika na kuosha, huyo ndo mimi. Kapteni wetu alikuwa Mgiriki mtu mzima, maneno machache, sigara nyingi. Misimu minne tumefanya pamoja na muda mwingi tulikuwa tunazungukia Paros, kisiwa kimoja kipo katikati ya visiwa vya Cyclades, ndo maana naandika hiki, vingine nimepita tu ila Paros naijua gati kwa gati.

Siku ya kwanza kabisa tulifunga Naoussa, mji wa kaskazini ya kisiwa, bandari ndogo ya zamani imejaa vikaiki, boti ndogo za mbao za wavuvi, na meza za mikahawa zimesogea mpaka ukingoni mwa maji, na mdomoni pa bandari kuna mabaki ya ngome ya Wavenisi nusu imeliwa na bahari. Kapteni akaniambia nikafunge kile kiboti cha mpira gatini. Nikafunga fundo zuri tu, nikaacha kamba ya ziada kama mita tatu imelala. Akaja akaangalia. Akauliza hii kamba yote ya nini. Nikamwambia maji yakipwa je, si kitaning'inia? Aisee yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Akachuchumaa, akanionyesha kwenye jiwe la gati pale penye mstari wa ukijani wa utelezi, upana wake kama kiganja cha mkono basi, akaweka kiganja chake hapo kunionyesha. Bahari yetu inapanda na kushuka hapa tu.

Kwetu bamvua likija maji yanaondoka mita tatu na zaidi, unatoka nyumbani unakuta bahari haipo, kina mama wapo mwambani wanachokoa pweza, ratiba ya maisha yote ni maji kujaa na maji kupwa. Huku hakuna kitu kama hicho. Mwanzo nikaona raha, yaani kazi imepungua nusu! Hakuna kuhesabu maji, hakuna kusubiri, unaingia saa unayotaka. Kumbe ile nusu iliyopungua kwenye maji imehamia kwenye upepo.

Upepo wao wa kiangazi unaitwa meltemi. Unatoka kaskazini, unaanza anza mwezi wa sita mwishoni, wa saba na wa nane ndo wenyewe, halafu unapungua wa tisa. Sasa mtu wa pwani ukimwambia upepo wa kaskazini anawaza kaskazi letu, Disemba Januari, bahari tulivu, majahazi yanashuka, watu wanaoana. Futa hiyo. Meltemi wanaupima kwa skeli ya Beaufort na utawasikia asubuhi gatini wanaulizana kama sisi tunavyoulizana bei ya sukari, posa bofor, exi, efta, yaani bofor ngapi, sita, saba, na saba ukiwa kwenye boti ya futi arobaini si mchezo, unakunywa chumvi. Na unaweza kupiga siku tatu, siku tano, wiki, usiku na mchana.

Kilichonishangaza zaidi ni mbingu. Kwetu dhoruba unaiona, wingu linajikusanya, giza linakuja juu ya maji, unapata muda wa kutua tanga. Meltemi unakuja mbingu bluu haina doa, jua linawaka, mgeni amevaa kaptula amekaa na kahawa yake anauliza mbona hatuondoki leo hali ya hewa si nzuri sana? Nimelijibu hilo swali mara ngapi sijui. Baadae nikajifunza kuangalia vilele, ukiona kisiwa kirefu cha jirani kimevaa kofia nyeupe ya wingu na hewa imekuwa safi kiasi kwamba unaona nyumba za ng'ambo moja moja, ujue unakuja.

Kapteni ndo alinieleza unapotokea. Kiangazi bara la Asia linapata joto kali, hewa inapanda, inaacha kama shimo kubwa linalofika mpaka Uturuki, na huku juu ya Balkani hewa ni nzito, basi ile nzito inamwagikia kwenye shimo na hii bahari ya Aegean ndo njia yake. Nikakaa kimya nikawaza, mbona miezi hiyo hiyo ya sita mpaka ya nane kwetu ni kusi, na kusi nalo linakimbilia huko huko Asia kwenye joto? Yaani jiko ni moja, sisi linatuvutia upepo kutoka kusini wao kutoka kaskazini. Siku ile nilimpigia ami simu nikamweleza, akasema haya, na samaki wanapatikana huko?

Turudi Paros. Ghuba ya Naoussa ni kubwa na imefunguka kaskazini, kwenye mdomo wa meltemi kabisa, kwa hiyo ukiiangalia kwenye ramani unaweza kusema hapa hapalaliki. Ila mkono wa magharibi wa ghuba kuna rasi, juu yake kuna nyumba ya watawa nyeupe inaitwa Ai Giannis Detis, na chini ya hiyo rasi upande wa ndani maji yanakuwa kama bakuli, mawimbi yanapita nje wewe umekaa. Upepo utausikia ila wimbi halikufikii, na mimi hiyo tofauti ya kinga ya wimbi na kinga ya upepo nilikuwa sijawahi kuitenganisha kichwani. Kusini kidogo ya hapo kuna Kolymbithres, ule ufukwe wa mawe ya matale yaliyoliwa na upepo na maji mpaka yamekuwa kama viti na mabeseni, wageni wote wanataka picha pale, sawa, mchana upepo ukiwa mdogo unatia nanga wanaogelea wanapiga picha, lakini usinambie tulale pale.

Sasa ule usiku. Msimu wa kwanza, tupo chini ya rasi, jioni shwari, kapteni kaniachia nitie nanga mwenyewe mara ya kwanza. Nikaona sehemu ya maji meusi meusi nikasema hapo pana kina kizuri, nikadondosha, cheni ikashuka, boti ikasimama, nikajiona nahodha. Kumbe ule weusi sio kina, ni majani. Chini ya Mediterania kuna majani marefu kama mikanda wanaita posidonia, yamelala kama zulia nene, nanga ikitua juu yake inateleza kama kisu kwenye godoro, inajikunjia majani inakuwa bonge haiwezi kuuma tena. Saa tisa usiku meltemi ukaamka. Nilichosikia mimi ni sauti, cheni inakwaruza, inanyamaza, inakwaruza, na taa za boti ya jirani ambazo zilikuwa kushoto sasa zipo dirishani kwangu karibu kabisa, namuona mtu wa ndani amekaa kitandani! Kapteni alishatoka, chupi tu na tochi, kawasha enjini. Tukaivuta ile nanga ikaja juu imebeba kichaka, nikawa natoa majani kwa mkono gizani huku boti inarudi rudi kuelekea kwenye mawe ya Kolymbithres, yale yale ya picha. Tukatia upya mara mbili ndo ikashika.

Hakunifokea. Asubuhi alinipandisha mbele akanionyesha maji kulivyo, kweupe ni mchanga, kweusi ni majani, unatafuta kile kiraka cheupe hata kama ni kidogo kama uwanja wa bao unadondosha humo humo, halafu cheni usiifanyie ubahili, maji yakiwa mita nane toa arobaini, upepo ukizidi toa zaidi, halafu rudi nyuma na enjini taratibu mpaka uisikie imeuma. Na ukishamaliza vaa miwani ya kuogelea ushuke ukaitazame kwa macho. Hayo majani pia yanalindwa kisheria Ulaya maana samaki wanazaliana humo, kwa hiyo kuyang'oa na nanga ni kosa mara mbili. Toka siku hiyo sijawahi kulala kabla sijazamia kuiona nanga yangu, hata maji yawe baridi vipi.

Gatini napo kuna elimu yake. Wao hawalazi ubavu wa boti gatini kama sisi, nafasi haitoshi, wanaingia kinyumenyume. Unadondosha nanga mita arobaini hamsini mbele ya gati halafu unarudi nyuma kwa enjini huku cheni inatoka, mpaka tezi, yaani nyuma ya boti, inakaribia jiwe, unarusha kamba mbili, unaweka ubao unashuka. Dapra, yale maboya ya kuzuia boti zisigongane, kulia na kushoto maana jirani yupo sentimita kadhaa. Ukifika Naoussa mwezi wa nane jioni boti zimepangwa kama dagaa na gati zima limekaa linakula linakutazama wewe ukikosea, na lazima awepo mzee mmoja wa kukupigia kelele siga siga, siga siga, ambayo ni pole pole ile ile, mpaka mkono wake anaupunga kama wazee wetu wa Deep Sea kule Tanga.

Kosa letu lilikuwa hivi. Tuliingia upepo unatusukuma ubavuni, nanga ikaangukia pembeni badala ya mbele yetu, cheni ikalala mshazari juu ya ya jirani. Au tuseme ya jirani ndo ilikuja kulala juu ya yetu, hilo tulibishana sana. Asubuhi saa mbili tunaondoka, mashine ya nanga inavuta inaguna, inavuta inaguna, nikachungulia omo, mbele ya boti, nikaona nanga yetu inakuja juu na imepakata cheni ya mwenzetu, imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mimi kwa akili ya kwetu nikanyoosha mguu niisukume! Kapteni akapiga ukelele sijawahi kuusikia tena. Ile cheni ina uzito wa boti nzima, ingekatika ule mvutano ingeondoka na mguu. Akanilaza kifudifudi pale mbele, akanipa kamba, niipitishe chini ya cheni ya jirani nirudishe ncha juu nifunge zote mbili kwenye chuma, sasa cheni yao imebebwa na kamba yetu, halafu akashusha nanga yetu mita moja hivi, ikadondoka ikajitoa yenyewe, akarudisha boti nyuma kidogo, akasema achia. Nikaachia ncha moja, cheni ya watu ikazama na mlio mzito. Dakika tano. Jirani alikuwa ametoka na nguo za kulalia anatutukana kwa lugha nadhani ya Kidachi, tukampungia mkono.

Parikia, upande wa magharibi, ndo bandari kuu, feri zote kubwa zinaingia pale, kuna kinu cha upepo cha zamani pale ukishuka na kanisa lao la Ekatontapiliani, la milango mia, ambalo tarehe 15 Agosti linajaa mpaka njia zinafungwa. Kwa boti ndogo mimi sipapendi sana, mawimbi ya feri yanakurusha rusha, tukilala pale tulikuwa tunaenda ng'ambo ya kaskazini ya ghuba, upande wa Krios. Lakini kabla hujaingia Parikia kuna mawe mawili makubwa yamesimama baharini yanaitwa Portes, na kila tukipita hapo kapteni alikuwa anapunguza sauti ya redio. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2000 feri Express Samina ikitoka Piraeus, bandari ya Athens, na watu zaidi ya mia tano iligonga mojawapo, upepo ulikuwa mkali, ikazama, wakafa zaidi ya 80. Wavuvi wa Paros walitoka usiku ule ule na vikaiki vyao kwenye bahari ile wakawa wanaokota watu.

Mara ya kwanza aliponisimulia nikamwambia na sisi tunayo. Meli ya Spice Islander, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, inakwenda Pemba, ikazama Nungwi pale. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walianua matanga bila kuupata mwili. Na ile meli, nikamwambia, iliundwa huku huku Ugiriki mwaka 1967. Hakujibu kitu, akawasha sigara nyingine tukaendelea kuingia.

Mashariki na kusini ya kisiwa nitapita haraka maana mazuri yake ni ya watu wa nchi kavu zaidi. Piso Livadi ni bandari ya wavuvi, ndogo, nzuri kupumzika. Chrissi Akti, ufukwe mrefu wa mchanga, paradiso ya watu wa mbao za tanga, na kama wao wanapapenda hapo wewe mwenye boti jiulize kwa nini. Drios panalalika meltemi ukipiga. Ila upande huo wote angalia kitu kimoja, mlima wa katikati una zaidi ya mita 700, upepo unaupanda kutoka kaskazini halafu unaporomoka upande wa pili kwa vishindo, bahari imelala kama sahani halafu ghafla linakuja kofi moja linalaza boti, linapita, kimya. Wageni wengi wanavunjia glasi zao hapo.

Pazuri kuliko pote ni mlango wa Antiparos na nyuma yake. Katikati ya Paros na Antiparos maji ni madogo, unapita taratibu mtu mmoja yupo omo anasoma rangi ya maji, na hapo kidogo ndo nilijisikia nipo nyumbani maana kusoma mafungu kwa rangi ndo kazi tuliyozaliwa nayo. Ukitoka unaenda mpaka Despotiko, kisiwa hakina mtu, mbuzi tu, na watu wa mambo ya kale wamefukua hekalu la Apollo wakasimamisha baadhi ya nguzo zake za marumaru, unaziona kutoka botini zinang'aa jioni. Meltemi upige utakavyo, pale ndani unalala.

Kwa mwenye kupanga safari nina neno moja tu na wageni huwa hawalisikii. Kutoka Athens mpaka Paros ni kama maili 90 za baharini na kwenda unashuka na upepo, raha tupu, watu wanaimba. Kurudi ni bisho, upepo unakupiga usoni. Wiki moja, siku mbili za kwenda, siku tatu za kula pweza, halafu meltemi unakaa siku nne, ndege yako Jumamosi. Nimeshuhudia familia nzima inapanda feri na mabegi yake inatuachia boti. Kama muda ni mdogo bora uichukue boti Paros kwenyewe, au uweke siku mbili za akiba za kukaa bure.

Na hizo siku za kukaa bure ndo mimi nilikuwa naenda kwenye karakana ya vikaiki, karibu na Ai Giannis. Harufu tu ya rangi na mbao. Siku moja nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda chini ya kaiki anasindika pamba kwenye mwanya wa ubao, patasi mkono huu nyundo ya mti mkono huu, tok tok tok, mdundo ule ule wa mafundi wetu. Nikasema kwa sauti tu peke yangu, kalafati. Akasimama. Akanigeukia akauliza kwa Kigiriki umelijua wapi hilo neno? Maana na wao wanaita hivyo hivyo, fundi wake ni kalafatis. Nikamwambia ndo Kiswahili. Hakuniamini mpaka nikamchukua patasi nikaendeleza mwanya kama shubiri mbili, akapitisha kidole akakagua, akatikisa kichwa, akanipa kiglasi cha souma, pombe yao kali, nikakataa kwa adabu nikapewa kahawa. Na kapteni naye siku nyingine akaniambia nauli kwao ni navlo, na kwamba Waarabu ndo waliichukua kwao zamani sana, sasa hiyo nauli tunayogombana na makonda kumbe imepanda jahazi kuja.

Hata chakula. Pale Naoussa wanapasua samaki aina ya makrili mgongoni wanamtandaza juani halafu wanamchoma, wanaita gouna, wanauza bei ya ajabu kwa watalii. Mimi nilipoletewa nikacheka, jamani si ng'onda huyu?

Januari iliyopita nikaenda Tanga kusalimia. Kaskazi limetulia, bahari safi, ami akaniomba nikamfungie dau gatini anakwenda kuswali. Nikafunga. Fundo la Kigiriki, kamba fupi imekaza vizuri haina hata ulegevu, kama nilivyozoea, nikaenda zangu kunywa chai. Tuliporudi maji yamekupwa, dau limening'inia kwa pua ukutani, makasia yapo matopeni, ndoo ya chambo imemwagika, na watoto kama kumi wamesimama wanatazama. Ami akaliangalia dau, akaniangalia mimi, akauliza hiyo miaka yote huko ulikuwa baharia au mpishi?